Upepo wa Jua Ndani ya Kompyuta: Majibu kwa Wasomaji wa Mwanza na Visiwani

Katika toleo lililopita safu hii ilieleza kwa ufupi kwamba Jua halitoi mwanga na joto peke yake, bali hupuliza usiku na mchana mkondo wa chembe zenye umeme uitwao upepo wa Jua, na kwamba wanasayansi huuiga mkondo huo kwa kompyuta ili waone unavyozikabili sayari na nyota zenye mikia. Maelezo yale yalikuwa mafupi mno, na wasomaji wa Mwanza na visiwani wameniandikia kudai zaidi. Nimechukua barua tano. Nitakaa muda mrefu kwenye barua ya pili na ya tatu, kwa sababu ndizo zinazogusa jambo ninaloliona kuwa kiini cha kazi hii yote, yaani kujua ni kitu gani unaweza kukiacha nje ya hesabu bila kuupotosha ukweli.

Ndugu Mhariri, sisi wavuvi wa dagaa hukaa ziwani usiku wa giza, na mwezi Oktoba 2024 tuliiona nyota yenye mkia upande wa magharibi baada ya Jua kuzama. Kijana wangu anasema mkia ule husukumwa na upepo wa Jua. Nimesikia pia kwamba nyota hiyo inapoondoka kwenye Jua, mkia hutangulia mbele. Mbona haubaki nyuma kama moshi wa meli? (Mvuvi, Ukerewe)

Mzee wangu, nyota mliyoiona inaitwa C/2023 A3 Tsuchinshan-ATLAS, nayo ilikuwa imelipita Jua kwa karibu zaidi tarehe 27 Septemba 2024. Moshi wa meli hubaki nyuma kwa sababu meli inapita ndani ya hewa iliyotulia. Lakini chukua mtumbwi unaokwenda taratibu kuelekea Mwanza huku upepo mkali ukivuma kutoka nyuma yake, na ndani ya mtumbwi huo mmewasha jiko: moshi utatangulia mbele ya mtumbwi, ingawa mtumbwi nao unakwenda mbele. Hali ya angani ni hiyohiyo. Upepo wa Jua huvuma kwa kasi ya kilomita 300 hadi 800 kwa sekunde, ilhali nyota yenye mkia husafiri kwa makumi ya kilomita tu kwa sekunde, kwa hiyo popote inapoelekea, mkia wake hutazama upande usio na Jua.

Kijana wako amesema sehemu ya ukweli, na ni vyema nimkamilishie. Nyota hizi huwa na mikia miwili. Ule mpana wenye rangi ya manjano, ambao ndio hasa ulioonekana kwa macho mwaka ule, ni wa vumbi, na vumbi husukumwa na mwanga wenyewe wa Jua. Wa pili ni mwembamba, ulionyooka, wenye rangi ya samawati, nao ni wa ayoni, yaani molekuli zilizopoteza elektroni na kwa hiyo zikabeba umeme. Huo ndio mkia wa upepo wa Jua. Mwaka 1951 Mjerumani Ludwig Biermann aliutazama mkia wa namna hiyo akaona kwamba mwanga peke yake hauna nguvu ya kuusukuma kwa kiasi kile, akahitimisha kuwa lazima Jua linatoa chembe mfululizo. Mwaka 1958 Mmarekani Eugene Parker alionyesha kwa hesabu kwa nini tabaka la nje la Jua haliwezi kutulia mahali pake na lazima litiririke. Chombo cha Kisovieti Luna 1 kilizigusa chembe hizo mwaka 1959, na mwaka 1962 chombo cha Marekani Mariner 2, kikiwa safarini kwenda Zuhura, kikazipima kwa miezi kadhaa bila kukoma. Mkia wa nyota ulikuwa umetuambia habari za upepo huo kabla ya chombo chochote kuruka.

Shikamoo Mwalimu. Ninasoma chuo hapa Nyegezi. Kama upepo wa Jua ni chembe, basi chembe hizo ni nyingi kupita kiasi. Kompyuta inawezaje kuzifuata zote? (Mwanafunzi, Nyegezi)

Marahaba, mwanangu. Haiwezi, na swali lako limeanzia mahali panapostahili. Karibu na Dunia, upepo wa Jua una takriban chembe 5 za protoni katika kila sentimita moja ya ujazo, kiasi ambacho ni kidogo kuliko ombwe lolote tunaloweza kulitengeneza kwa urahisi maabara. Hata hivyo, chukua sanduku la kufikirika lenye upande wa kilomita 100,000, ambalo ni dogo kwa mambo ya anga: ndani yake kuna protoni zipatazo 5 ikifuatiwa na sifuri 30. Hakuna kompyuta iliyopo wala inayotarajiwa ambayo itaandika orodha hiyo.

Kwa hiyo mtafiti hulazimika kuacha vitu, na kuna njia tatu kuu za kuacha.

Ya kwanza ni kusahau chembe kabisa na kuuhesabu upepo kama maji yanayotiririka, yenye uzito, kasi, joto na uga wa sumaku katika kila mahali. Msingi wa hesabu hizo, zinazounganisha mwendo wa majimaji na nguvu za sumaku, uliwekwa na Msweden Hannes Alfvén mwaka 1942, na mwaka 1970 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Sanduku hugawanywa katika vyumba vidogo vidogo kama wavu wa pande tatu, na kompyuta huuliza kila chumba: ni kiasi gani kimeingia kutoka kwa jirani, na ni kiasi gani kimetoka?

Wewe uliye karibu na mwalo utanielewa haraka nikisema kwamba ukubwa wa macho ya wavu ndio unaoamua utavua nini. Wavu wa sangara hauleti dagaa, si kwa sababu dagaa hawapo, bali kwa sababu hupita. Vivyo hivyo, uigaji wenye macho ya kilomita 500 hauwezi kukuonyesha kitu chenye unene wa kilomita 100, hata kama kipo na kinafanya kazi kubwa. Mtu atasema basi tupunguze macho. Lakini sanduku letu la kilomita 100,000 lenye macho ya kilomita 500 lina vyumba milioni 8. Ukipunguza jicho kwa nusu vyumba vinakuwa milioni 64. Si hivyo tu. Ipo kanuni iliyoandikwa na Courant, Friedrichs na Lewy mwaka 1928, ambayo kwa maneno mepesi inataka kwamba katika hatua moja ya muda, wimbi wala chembe isivuke zaidi ya jicho moja, la sivyo hesabu zinavurugika na kulipuka. Jicho likiwa nusu, hatua ya muda nayo inakuwa nusu, na kazi yote inaongezeka mara 16. Ndiyo maana watafiti hubishana kwa uzito mkubwa juu ya mahali pa kuweka macho madogo na mahali pa kuacha mapana.

Njia ya pili ipo upande wa mbali kabisa wa ile ya kwanza: kuziweka protoni na elektroni zote kama chembe, ila kila chembe ya kwenye kompyuta huwakilisha kundi kubwa mno la chembe halisi. Njia hii ni ya kweli kuliko zote, lakini katika umbo lake la kawaida hudai wavu wenye macho ya takriban mita 10, na wavu wa namna hiyo kuizunguka sayari nzima hauwezekani. Wanaoitumia hupunguza ukubwa wa sayari, au huwafanya elektroni kuwa wazito kuliko walivyo, nao hulazimika kutuambia wazi kwamba wamefanya hivyo.

Njia ya tatu iko katikati, na mimi binafsi naiona kuwa ya busara zaidi kwa sayari ndogo na nyota zenye mikia. Protoni na ayoni nyingine hufuatwa kama chembe, wakati elektroni, ambao uzito wao ni sehemu moja tu ya 1,836 ya uzito wa protoni, huhesabiwa kama maji mepesi yanayojaza nafasi na kusawazisha umeme.

Utachaguaje kati ya hizo tatu? Hapa ndipo nakuomba uchukue kalamu. Chembe yenye umeme ikiwa ndani ya uga wa sumaku haiendi moja kwa moja, bali huzunguka, na nusu kipenyo cha mzunguko huo hupatikana kwa kuzidisha uzito wa chembe kwa kasi yake, kisha kugawa kwa zao la umeme wake na nguvu ya uga. Protoni yenye kasi ya kilomita 400 kwa sekunde, katika uga wa nanotesla 5 (nanotesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku) unaopatikana karibu na Dunia, huzunguka duara lenye nusu kipenyo cha kilomita zipatazo 835, na humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 13. Sasa linganisha duara hilo na kizuizi. Uga wa sumaku wa Dunia huusimamisha upepo wa Jua kwenye umbali wa nusu kipenyo cha Dunia mara 10, yaani kilomita 64,000 hivi. Mbele ya kizuizi kikubwa kiasi hicho, mzunguko wa kilomita 835 ni mdogo, na sura ya jumla unayoipata kwa kuuhesabu upepo kama maji ni nzuri. Lakini Mirihi haina uga wa sumaku wa sayari nzima, nusu kipenyo chake ni kilomita 3,390, na huko uga wa upepo wa Jua umedhoofika hadi nanotesla 3 hivi, kwa hiyo duara la protoni linafika kilomita 1,400. Ayoni ya oksijeni iliyotoka kwenye hewa ya Mirihi na kufikia kasi ya upepo ina duara mara 16 ya hilo, kubwa kuliko sayari yenyewe mara kadhaa. Ukiihesabu kama maji yanayopita kando ya jiwe umekosea tangu mwanzo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nimeziona picha za rangi zinazotolewa na kompyuta hizo, nazo zinapendeza, lakini mtu anaweza kuchora chochote. Mnajuaje kwamba uigaji unasema kweli? (Mwalimu, Sengerema)

Mwalimu, shaka yako ni ya haki, na ningependa kila anayeziangalia picha hizo awe nayo. Jambo la kwanza ni kwamba kompyuta haichori sayari wala mkia. Inapewa kanuni za mwendo na za sumaku, inapewa upepo unaoingia upande mmoja wa sanduku, na inapewa kizuizi katikati. Sura inayotokea hatujaiweka sisi. Kwa mfano, mtumbwi wa injini unapokwenda kasi kuliko mawimbi yanavyoweza kusafiri juu ya maji, mawimbi hayo hushindwa kutangulia, yanarundikana mbele na kufanya mkunjo wenye umbo la ncha ya mkuki ambao kila anayevuka kwa mtumbwi kutoka Kamanga ameuona. Upepo wa Jua nao huifikia sayari kwa kasi kuliko mawimbi ya plazma, yaani ya gesi yenye umeme kama upepo huo wenyewe, na mkunjo wa namna hiyohiyo, unaoitwa wimbi la mshtuko, hujitokeza wenyewe ndani ya uigaji bila mtu kuuamuru.

Jambo la pili ni kwamba tuna vyombo vilivyopita huko. Nyota ya Halley ilipokaribia Jua mwaka 1986 ilikuwa ikimwaga takriban tani 20 za mvuke kwa sekunde. Mvuke huo ukigeuzwa kuwa ayoni na mwanga wa Jua, huchukuliwa na upepo na kuutwisha mzigo, na upepo uliotwishwa mzigo hupungua kasi. Hesabu zilitabiri kwamba mkondo huo ungejikunja kuwa mshtuko kwenye umbali wa takriban kilomita milioni moja kutoka kwenye kiini chenye urefu wa kilomita 15 hivi tu, na chombo cha Ulaya kiitwacho Giotto, kilichopita kilomita 596 kutoka kwenye kiini tarehe 14 Machi 1986, kiliukuta mpaka huo kwenye umbali wa kiasi hicho. Kuhusu Mirihi, uigaji uliofuata ayoni kama chembe ulionyesha kwamba oksijeni ingeondoka upande mmoja kama mvuke utokao kwenye mdomo wa birika, si pande zote sawasawa. Chombo cha Marekani MAVEN, kilichofika huko Septemba 2014, kiliupima mkondo huo wa ayoni.

Lakini mimi nathamini zaidi mahali ambapo mambo hayakulingana. Tarehe 27 Desemba 1984 setilaiti ya Kijerumani ya mradi wa utafiti wa anga uitwao AMPTE ilimwaga mvuke wa metali ya bariamu ndani ya upepo wa Jua, ikatengeneza nyota yenye mkia ya bandia. Karibu kila mtu alitarajia kichwa cha wingu hilo kisukumwe moja kwa moja kuelekea mbali na Jua. Badala yake kilianza kusogea kwa ubavu. Ilibidi watu warudi kwenye hesabu na kukumbuka kwamba ayoni za bariamu ni nzito, mizunguko yake ni mipana kuliko wingu zima, na zinapochomolewa kwenda upande mmoja, wingu lililobaki hurudi upande wa pili, kama mtumbwi unavyorudi nyuma unapouruka kushuka ufukweni. Hesabu ya maji haikuweza kuonyesha hilo. Hesabu ya chembe iliweza.

Miaka 30 baadaye somo hilo lilirudi. Chombo cha Ulaya Rosetta kiliifikia nyota 67P/Churyumov-Gerasimenko tarehe 6 Agosti 2014 na kukaa nayo hadi 30 Septemba 2016, muda wa kutosha kuiona ikilala, ikiamka na kupoa tena. Wakati gesi yake ilikuwa bado kidogo, protoni za upepo wa Jua zilikengeuka kwa ubavu, na ayoni za maji zikaenda upande wa pili, kama bariamu ilivyotufundisha. Gesi ilipoongezeka, upepo wa Jua ulitoweka kabisa mahali kilipokuwa chombo kwa miezi kadhaa ya mwaka 2015. Kisha tarehe 26 Julai 2015, kikiwa kilomita 170 kutoka kwenye kiini, chombo kiliingia mahali ambapo uga wa sumaku ulishuka na kuwa karibu na sifuri: pango lisilo na sumaku ambalo uigaji ulikuwa umelitabiri, ila uliliweka karibu zaidi na kiini. Kosa hilo halikufichwa. Liliwaonyesha watafiti kwamba ukuta wa pango hilo hautulii kama ulivyochorwa, bali hutikisika na kujikunja kwa mawimbi, na waigaji wa baada ya hapo wamelazimika kulieleza jambo hilo. Mwalimu, wanafunzi wako wakikuuliza picha ya kompyuta ina faida gani, waambie kwamba ni dai lililowekwa hadharani kwa tarakimu, ambalo chombo kinaweza kwenda kulipima na kulikataa.

Kuna pia vipimo vya ndani ambavyo havihitaji chombo. Mistari ya sumaku haina mwanzo wala mwisho, kwa hiyo ikiwa katika chumba chochote cha wavu imeingia mingi kuliko iliyotoka, programu ina kasoro, hata kama picha yake ni ya kuvutia.

Je, upepo huu unaweza kuleta dhoruba ziwani au kuharibu GPS ya boti yangu? (Nahodha, Kirumba)

Dhoruba ya ziwani, hapana. Msukumo wa upepo wa Jua ni kama sehemu moja ya bilioni ya paskali, kipimo cha msukumo, wakati hewa unayoivuta huko ziwani inasukuma kwa paskali 90,000 hivi, na isitoshe uga wa sumaku wa Dunia huuzuia mbali sana juu yetu. Mawingu ya ziwani yana sababu zake humuhumu. GPS ni jambo jingine. Jua likilipuka na upepo wake ukaja na uga wenye nguvu, tabaka la juu la hewa lenye umeme huvurugika, nasi wa ukanda wa ikweta tuna tabia ya ziada ya tabaka hilo kutokota mapovu baada ya Jua kuzama. Mawimbi ya setilaiti yakipita humo huchelewa au huyumba, na kifaa kinaweza kukosea mahali ulipo. Siku kama ile ya dhoruba kubwa ya tarehe 10 na 11 Mei 2024, Nahodha, linganisha kifaa na dira na taa za pwani kabla ya kukikaribia kisiwa chenye mawe.

Ninasoma kidato cha sita na nina laptop ya kawaida. Naweza kujaribu uigaji huu nyumbani, au ni kazi ya wenye kompyuta kubwa tu? (Binti, Ilemela)

Unaweza, binti yangu, na nakusihi uanze. Usianze na sayari. Anza na protoni moja. Pakua Python, lugha ya kuandikia programu ambayo ni ya bure, mpe protoni kasi ya kilomita 400 kwa sekunde na uga wa nanotesla 5, kisha isogeze hatua baada ya hatua, kila hatua ikiwa sehemu ya kumi ya sekunde. Ukitumia njia rahisi kuliko zote, ya kuongeza badiliko la kasi kama lilivyo mwanzoni mwa hatua, utaona duara linapanuka kidogo kila mzunguko, kana kwamba protoni inapewa nguvu ambazo hakuna aliyempa. Nguvu hizo ni za kosa la hesabu. Tafuta kisha njia iliyopendekezwa na Jay Boris mwaka 1970, ambayo huugawa msukumo wa umeme nusu mbili na kuuzungusha mwendo katikati yake, nawe utaona duara limetulia, likirudi palepale hata baada ya mizunguko maelfu. Njia hiyo ndogo, ambayo unaweza kuiandika kwa mistari isiyofika 20, ndiyo inayosogeza chembe katika programu nyingi kubwa za leo.

Duara likitulia, pima upana wake: nusu kipenyo kiwe karibu na kilomita 835 na mzunguko uchukue sekunde 13. Kisha ongeza uzito mara 18 ili upate ayoni ya maji ya nyota yenye mkia, na ulinganishe na hesabu ya mkono: kilomita 15,000, na karibu dakika 4 kwa mzunguko mmoja. Ukishindwa kuzipata tarakimu hizo, niandikie pamoja na programu yako, nami nitaipitia mstari kwa mstari.